Mashine ya Watu Wawili

Rumande, Nakuru
3 Machi 2025

Kwako Mzee Waithaka,

Nakusalimu, na unisamehe mwandiko. Kalamu ni ya kuazima na mwenyewe amesimama hapa anahesabu wino.

Nimeandikia sanduku lako la posta kwa sababu uliwahi kuniambia ufunguo unao wewe peke yako. Simu yako hupokelewa na Mama Kihara, na hili si jambo la kumfikia yeye kwanza.

Ile Alhamisi ulipoifunga mashine kwa kitambaa cha meza, ukaniambia niende nayo kwangu Kaptembwo mpaka wageni atakaorudi nao Mama waondoke, sikufika hata kwa lami. Askari wawili walikuwa kwa jirani yako Ogola. Nyumba yake ilikuwa imevunjwa mchana huo huo sisi tukicheza. Wakaona kijana anatoka upande wenu na viatu vya tope, amebeba kitu kimefungwa. "Fungua hiyo, boss." Nikafungua. Mmoja akaigeuza, akaona waya, akasema, "Si hii hapa decoder ya mzee." Na kweli Ogola alikuwa amepoteza king'amuzi na laptop. Basi nikawa mwizi hapo hapo.

Niliwaambia ni gemu ya zamani, ya kuunganisha na TV. Wakaniuliza kanda yake iko wapi. Nikasema haina kanda wala kadi, gemu zote sita zimo ndani tangu ilipotoka kiwandani, tenisi, hoki na zile nyingine. Walicheka mpaka mmoja akashika ukuta. Siku hizi kila kisanduku chenye waya nyuma ni decoder.

Sikusema ni ya nani. Kwanza nilikuahidi. Pili, nikikutaja halafu ukane, nimekwisha. Kwa hivyo ni heri uje mwenyewe useme maneno mawili tu: hiyo ni yangu, na mchana wote huyu alikuwa kwangu. Kesi itatajwa tarehe kumi na saba. Njoo, Mzee.

Ni mimi,
Kiprotich


S.L.P. Nakuru
10 Machi 2025

Kijana wangu Kiprotich,

Amani ya Bwana iwe nawe huko uliko. Barua yako niliisomea pale pale posta, nimesimama, na mama mmoja akaniuliza kama nimefiwa.

Nakuombea asubuhi na jioni. Nimeongea na wakili mmoja wa kanisa letu, bila kutaja mambo mengi, akasema kesi kama hizi mara nyingi huanguka zenyewe. Subira huvuta heri.

Juu ya kuja, nataka unielewe. Wewe unajua mashine ile niliachiwa na mzungu wa Rongai niliyemfanyia kazi ya ukarani, na kwamba mwanangu Kihara alikua akiicheza nami. Lakini kuna jambo sikukuambia lote. Kihara alipotutoka kwa ile ajali miaka miwili iliyopita, tulifanya ilivyo desturi. Nguo na vitu vyake tuligawia jamaa, kila kitu, na mimi ndiye niliyemshika mkono mke wangu Rahab nikamwambia tusibakize. Mashine nilimwambia nimempa mpwa wangu wa Molo. Sikumpa. Niliificha stoo, nyuma ya chakula cha kuku.

Na ile Alhamisi ilikuwa maombi ya ndugu wa Rahab, marehemu, huko Rongai. Nilisema presha imepanda. Mimi ni mzee wa kanisa. Nikisimama kortini kusema nilikuwa nacheza gemu na kijana anayefyeka ua wetu, wakati mke wangu analia matangani, nitarudi nyumba gani?

Nipe muda kidogo nitafute njia. Mungu hamtupi mja wake.

Wako,
Mzee Waithaka


Rumande, Nakuru
19 Machi 2025

Mzee,

Nilikuona.

Ulikuwa benchi ya mwisho, karibu na mlango, na ile kofia yako ya kahawia. Nilimwambia Khisa, mwenzangu wa selo ambaye tulikuwa tumefungwa naye pingu moja, "Huyo ndiye mzee wangu, leo nakwenda nyumbani." Akaniuliza, yule wa kofia? Nikasema yule yule.

Mashine ililetwa. Karani akaiinua na kuandika decoder moja, na kile kitambaa chenu cha meza kikaandikwa kando yake. Hakimu akauliza kama kuna mtu yeyote wa kunisimamia. Aliuliza mara mbili. Nilikuangalia. Ulikuwa unakunja kofia kwa vidole, unaikunja na kuikunjua. Halafu ukaivaa ukatoka.

Tulipofika huku Khisa akaniambia pole.

Mama yangu Chepkemei alikuja Jumamosi kutoka Rongai na kibuyu cha maziwa ya mursik, wakamrudisha nacho kwa sababu vyakula haviingii. Shamba bado halijalimwa na mvua inakaribia. Ameniuliza, hao watu wa mtaa wa Section 58 uliokuwa unafanyia kazi hawakujui? Nilimdanganya kwamba wamesafiri.

Mzee, mimi sikuja kwako kutafuta gemu. Nilikuja kufyeka ua wenu wa kai-apple. Ni wewe uliyeniita kwenye ile nyumba ndogo ya nyuma, ukawasha TV yenye mgongo mkubwa, ukanipa kile kidude cha kuzungusha, ukasema mashine hii haichezwi na mtu mmoja. Mara nyingi ulikuwa ukisahau ukaniita Kihara. Sikukurekebisha.

Sasa na mimi siwezi kuicheza hii peke yangu. Kesi imepelekwa tarehe ishirini na mbili Aprili. Utakuja au huji? Sema tu moja.

Kiprotich


S.L.P. Nakuru
26 Machi 2025

Kijana wangu,

Umeniandikia kwa uchungu, na una haki.

Nilikuja nikiwa nimeamua. Nilivaa koti. Nilimwambia Rahab nakwenda kwa daktari wa macho. Nilipoketi pale nikaona mbele yangu watu wawili wa kanisa letu, wamekuja kwa kesi ya shamba, wakageuka wakanisalimu, na mmoja akasema, "Pole kwa shemeji yako, tulisikia ulikuwa mgonjwa sana siku ya maombi." Nikajibu asante. Neno hilo asante ndilo lililonifunga miguu. Ningesimamaje baada yake?

Usidhani nimekaa raha. Chakula hakipiti. Rahab ananiangalia kwa jicho ambalo silielewi. Juzi aliniuliza kitambaa cha meza kiko wapi, kile cha maua alichoshona dadake, nikasema labda kuku walikichafua kikatupwa. Uongo unazaa uongo mwenzake, na mimi nimekuwa mkunga.

Wakili anasema kuna uwezekano wa dhamana. Tutazame hilo kwanza. Rahab ana moyo wake, Kiprotich. Kihara alikuwa mtoto wetu wa pekee. Akijua nilibakiza kitu cha marehemu, nikakificha, na nikakipa mtu mwingine akishike, sijui kama tutakaa tena meza moja. Nimeishi naye miaka arobaini. Sina mwingine.

Nipe wiki chache tu.

Mzee Waithaka


Rumande, Nakuru
2 Aprili 2025

Mzee,

Nimesoma. Hukusema ndiyo wala la, kwa hivyo nimejisemea mwenyewe.

Khisa ni mtu wa kesi nyingi, anajua njia za huku. Anasema nikiendelea kukataa kosa nitakaa hapa mpaka mwaka uishe nikingoja mashahidi, lakini nikikubali, na ni mara yangu ya kwanza, huenda nikapewa kifungo cha nje, nikafyeka nyasi kwa ofisi ya chifu. Kufyeka nakujua. Mbaya ni kwamba karatasi itaandikwa mwizi, na hakuna nyumba Nakuru hii itanifungulia geti tena. Nitarudi Rongai, na huko pia watasikia.

Tarehe ishirini na mbili wakinisomea mashtaka nitasema ni kweli. Usije. Ukija ukakunja kofia tena sitaweza kuvumilia.

Usiniandikie.

Kiprotich


Section 58
9 Aprili 2025

Wewe Kiprotich,

Hunijui kwa barua ila unanijua kwa chai. Mimi ni Rahab, Mama Kihara, yule aliyekuwa anakuletea kikombe cha bati ukifyeka ua.

Nataka ujue nimezipataje barua zako. Tangu mwaka jana, kila Alhamisi nikirudi kutoka mkutano wa akina mama wa kanisa, nampata mzee amenawa uso na anaimba. Mwanaume wa umri wake haimbi bure. Juzi kitambaa cha meza kikapotea. Nikajua, sawa, ameanza kumpelekea hadi vyombo. Wiki hii amelala na homa, ya kweli au ya kuigiza Mungu ndiye anajua, nikatoa ufunguo kwa koti lake nikaenda posta. Nilikuwa nimejitayarisha kukuta barua ya mwanamke. Hata maneno ya kumwambia nilikuwa nimeyapanga. Nikakuta yako ya mwisho, na zile mbili za kwanza nikazipata stoo, chini ya gunia la chakula cha kuku.

Nilisoma zote tatu nimekalia gunia hilo.

Sasa nisikilize. Hasira yangu si ya gemu, mimi si mtoto. Niligawa mashati ya Kihara, viatu, blanketi, hadi soksi. Kuna sweta moja nilitaka kubaki nayo, mzee akanishika mkono akasema tukibakiza hatutapona. Nikaiachilia. Imevaliwa na mtoto wa binamu yangu, naiona kanisani. Sikubaki na kitu hata kimoja cha kunusa. Kumbe yeye alibakiza, akawa anaimba.

Na siku ya maombi ya ndugu yangu nilisimama mbele ya watu nikawaomba wamwombee mume wangu mwenye presha. Wakamwombea sana.

Sijamwambia kitu. Napika, anakula, tunalala. Kesi yako nimeiona tarehe. Sijaamua. Kwanza nijibu swali moja, na usinipake mafuta. Umeandika kwamba alikuwa akikuita Kihara na hukumrekebisha. Ulikuwa unafanyaje? Unanyamaza, au unaitika?

Rahab


Rumande, Nakuru
14 Aprili 2025

Mama Kihara,

Niliitika.

Mara ya kwanza nilinyamaza. Mpira ulikuwa umenipita nikiwa nimezubaa, akacheka akasema, "Kihara, umelala." Halafu akashtuka mwenyewe, uso ukamshuka, na mchana huo hatukucheza tena. Mara ya pili ilipotokea nikasema, "Ee, baba," upesi, kabla hajajisikia. Akaendelea kucheza. Basi ikawa hivyo.

Sitaki ufikiri nilikuwa namchezea akili. Baba yangu alikufa mimi nikiwa bado tumboni. Sijawahi kuwa na mtu wa kumwita hivyo, hata kwa kukosea. Sijui kati yetu ni nani alikuwa anamdanganya mwenzake. Mimi nilikuwa nafurahi, Mama, huo ndio ukweli, na kama nilichukua kitu chako naomba msamaha.

Ninayoyajua juu ya Kihara ni kidogo tu. Mzee alinisimulia kwamba akishindwa alikuwa anasema waya umelegea, mpaka inabidi wazime na kuanza upya. Kwamba alikuwa akizungusha kile kidude na ulimi nje. Kwamba siku moja uliwangojea mezani mpaka chakula kikapoa, ukaja mwenyewe ukachomoa waya ukutani, na mzee ndiye aliyelia zaidi ya mtoto. Hiyo alinisimulia mara nyingi. Alikuwa anakusifu.

Ukiamua kunyamaza sitakulaumu. Umeaibishwa vya kutosha na jambo ambalo hukulijua. Lakini nisiposikia kutoka kwako kabla ya Jumanne ya kesi, nitafanya nilivyosema. Siwezi kungoja tena mtu ambaye sijui kama anakuja.

Nakuheshimu,
Kiprotich


S.L.P. Nakuru
25 Aprili 2025

Kijana wangu Kiprotich,

Umetoka. Jina la Bwana lihimidiwe. Nimeipata anwani ya shule iliyo karibu na kwenu Rongai kutoka kwa Rahab, ambaye inaonekana sasa anajua mambo yako kuliko mimi.

Jumanne ile aliondoka asubuhi akisema anakwenda sokoni. Alirudi mchana na kikapu. Akatoa mashine, akaiweka sebuleni juu ya meza, mahali ambapo mgeni yeyote ataiona, akatandika kile kitambaa cha maua chini yake, akaenda kupika. Nilingoja anitukane. Hakunitukana. Usiku aliniambia jambo moja tu, kwamba Jumapili nitasimama kanisani mwenyewe niseme presha ilikuwa ya uongo, na kama sitasema, atasema yeye. Nimekubali.

Jana nilijaribu kuicheza peke yangu, mkono mmoja kidude hiki, mkono mwingine kile. Mpira unapita tu. Macho hayawezi kulinda pande mbili.

Nimekukosea. Sina la kujitetea, na sitakuambia tena habari za subira. Ninakuomba tu uje Alhamisi. Hatujifichi sasa, tutacheza sebuleni. Rahab amesema ukija atachinja kuku. Njoo, mwanangu.

Wako,
Waithaka


Rongai
3 Mei 2025

Mzee Waithaka,

Nimepokea barua. Huku tunapanda, mvua imetukuta tumechelewa, kwa hivyo nimejibu pole pole.

Siku ile ya korti hukuwepo, na pengine Mama Kihara hajakusimulia, kwa hivyo acha nikuambie mimi. Hakuna barua ya Mama iliyokuwa imenifikia. Nilipanda kizimbani nikijua niko peke yangu. Karani akasoma mashtaka, akaniuliza ni kweli au si kweli. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Mama akasimama katikati ya watu na kikapu chake, akasema, "Ngoja kwanza. Huyo hajaiba. Hiyo kitu ni yangu."

Hakimu akamwambia aketi. Hakuketi. Askari akaja kumshika mkono, akamwambia, "Nishike tu, nitasema nikitembea." Watu wakacheka, na hakimu mwenyewe akamwambia askari amwachilie. Basi akasema. Alisema mashine ni ya mtoto wake marehemu, kwamba mume wake aliificha na yeye amejua juzi. Alisema mchana ule nilikuwa ndani ya boma lake nikicheza na mume wake, ambaye alikuwa ameambia watu ana presha. Alisema jina lako lote. Sauti ilimkatika mara moja tu, aliposema Kihara. Ogola akaitwa mbele, akavaa miwani, akaigeuza mashine akaona vile vidude viwili, akasema yake haikuwa hivi. Kumbe hakuwahi kuonyeshwa. Aliambiwa imepatikana akatia sahihi. Kesi ikatupwa, na vitu akarudishiwa Mama.

Aibu yote ilikuwa yako, Mzee, na aliibeba yeye, mbele ya watu, kwa ajili ya kijana aliyekuwa anampa chai tu. Nje nilijaribu kumshukuru. Akaniuliza anwani, akaniambia nile nikanenepe, akaenda zake.

Wewe nimekusamehe, na sisemi hivyo kwa sababu ndiyo desturi ya barua. Kula chakula, usilale njaa kwa ajili yangu. Lakini Alhamisi sitakuja, wala ile nyingine.

Nimelifikiria sana nikiwa shambani. Ungekuwa mtu baki, ningekuja. Ningesema huyu ni mwoga, na waoga ni wengi, hata mimi ni mmoja wao, ningekula kuku na kucheza na kurudi nyumbani. Lakini kwako sikuwa mtu baki. Kila ulipoita, niliitika, hata kwa jina ambalo si langu.

Siku ile kortini nilipogeuka nikakuangalia, nilikuwa ninakuita, na ulijua. Ukavaa kofia ukatoka.

Kiprotich wa Chepkemei